Kupima Ukimya wa Chipu

Chipu mpya ya mtandao ikifika mezani, furaha ya kwanza ya mwandishi wa kiendeshi ni kuona pakiti ikipita. Taa ya kijani inawaka, ping inajibiwa, wenzake wanampa mkono. Wengi huishia hapo. Ninaowasifu mimi ni wale ambao wakati huo ndio kwanza wanavuta kiti: mafundi wanaoyapima makatizo ya chipu, moja baada ya jingine, mpaka waridhike kwamba kila moja linalia linapotakiwa na linanyamaza linapoamriwa kunyamaza.

Prosesa ina shughuli zake. Haiwezi kwenda mlangoni kila mara kuangalia kama kuna mgeni. Mgeni ndiye apigaye hodi, na katizo ndiyo hodi yenyewe. Chipu imepokea pakiti, au imemaliza kutuma, au waya umechomolewa: inatoa ishara. Prosesa inaacha ilichokuwa ikifanya, inaingia kwenye kipande kifupi cha kiendeshi, inasoma sababu, inaishughulikia, kisha inarudi ilikokuwa.

Ugumu wa jambo hili ulijulikana mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika Mathematisch Centrum mjini Amsterdam, Loopstra na Scholten walikuwa wakisanifu kompyuta ya X1, na wakataka iwe na makatizo. Kijana aliyetakiwa kuiandikia programu, Edsger Dijkstra, aliogopa. Katizo huingia wakati wowote, baina ya amri yoyote na ile inayofuata. Kosa likitokea leo, huenda lisionekane tena hata programu ileile ikiendeshwa mara nyingi kiasi gani. Alisita kwa miezi kabla ya kukubali. Kisha akaiandika kazi hiyo kwa uangalifu mkubwa, na tasnifu yake ya udaktari ya 1959 ikawa juu ya mashine hiyo. Hofu ya Dijkstra ilikuwa ya busara, na natamani kila anayeshika kazi hii aanze nayo.

Maana pakiti kupita si ushahidi wa kutosha. PCI ya zamani, njia ya kuunganisha kadi na kompyuta, ilikuwa na nyaya nne tu za makatizo, kwa hiyo vifaa vililazimika kugawana. Kifaa kimoja kikiita, kiini cha Linux huvipitia viendeshi vyote vilivyosajiliwa kwenye waya huo, kimoja kimoja, kikiuliza ni nani aliyeita. Fikiria sasa kadi ya mtandao ambayo makatizo yake yamekufa kabisa. Diski iliyo kwenye waya uleule inaita. Kiendeshi cha kadi nacho kinaulizwa. Kinatazama rejista zake, kinakuta pakiti zimelala, kinazichukua. Mtandao unafanya kazi! Ni wa polepole, lakini unafanya kazi, na mhandisi mwenye haraka atatafuta sababu ya ucheleweshaji huo kila mahali isipokuwa mahali pake.

Ustadi wa kuepuka mtego huu nimeuona umeandikwa vizuri sana katika viendeshi vya Linux vya kadi za gigabiti za Intel, e1000 na mdogo wake igb. Chipu hizo zina rejista nne zinazohusika. ICR inataja sababu ya katizo. IMS inafungulia makatizo na IMC inayafungia. Ya nne, ICS, ndiyo niipendayo: inairuhusu programu yenyewe kuchokoza katizo bila kungoja tukio la kweli. Jaribio la makatizo lililomo ndani ya viendeshi hivyo linasimamisha kazi za kawaida za kadi na kusajili kishughulikio cha muda chenye jukumu moja tu, kukusanya sababu zinazosomwa. Kisha linashika biti moja moja na kuuliza maswali matatu.

Biti hii ikiwa imefungiwa kisha ikachokozwa, je, katizo linafika? Likifika, jaribio limefeli kwa namba 3. Ikiwa imefunguliwa ikachokozwa, je, linafika? Lisipofika, ni namba 4. Na nyingine zote zikiwa zimefungiwa, zikachokozwa hizo nyingine, je, kuna lililopenya? Likipenya, namba 5.

Hesabu mwenyewe: maswali mawili kati ya matatu yanahusu ukimya. Mtu asiye na uzoefu angeandika lile la kati peke yake, na angeona amemaliza. Fundi anajua kwamba chipu inayoita wakati imekatazwa ni hatari kuliko ile isiyoita kabisa, kwa sababu hii ya pili hugunduliwa mapema, na ile ya kwanza huingia hadi kwa mteja. Tena kuna uaminifu ninaoustahi mno katika msimbo huo. Kadi ikiwa inagawana waya na kifaa kingine, maswali ya ukimya hayaulizwi. Jaribio halijisingizii uthibitisho lisiouweza.

Chipu mpya ikiongezwa, kazi inarudi mezani. Ndani ya igb, 82575, 82576 na 82580 kila moja ina mstari wake unaotaja ni biti zipi za ICS zinazoweza kuandikwa. Mstari huo ni mfupi, lakini kuupata kunamtaka mtu aketi na mwongozo wa chipu, biti kwa biti, aone ipi imehamishwa, ipi imepewa maana mpya, ipi imeachwa wazi. Anayenakili mstari wa chipu ya jana bila kusoma atapata ama kosa la uongo, ama, vibaya zaidi, ushindi wa uongo.

Kuna adabu nyingine ndogondogo za kazi hii. ICR hujifuta inaposomwa, kwa hiyo anayeichungulia kwa udadisi tu huenda akawa ameuharibu ushahidi aliokuwa akiutafuta. Amri iliyoandikwa kwenda kwenye chipu inaweza kukawia njiani ndani ya daraja la PCI. Ndiyo maana baada ya kuandika, kiendeshi husoma rejista nyingine ili kuisukuma ifike, kisha hungoja milisekunde 10 hivi kabla ya kutoa hukumu.

Kiini cha Linux nacho kina ulinzi wake. Makatizo 100,000 yakipita kwenye waya mmoja, na zaidi ya 99,900 kati yake yakakosa kiendeshi cha kukiri kuwa ni yake, kiini huandika kwamba hakuna aliyejali na kuufunga waya huo. Ndiyo sababu kiendeshi hakiruhusiwi kudai katizo lisilo lake: kikidai kila kitu, ulinzi huu unakuwa kipofu.

Siku hizi chipu nyingi hazitumii waya. Hutuma katizo kama ujumbe, na kwa mfumo wa MSI-X kifaa kimoja kinaweza kuwa na hadi 2048. Shida ya kugawana imepungua, lakini haja ya kupima haijapungua. Kiendeshi cha tg3 cha kadi za Broadcom hujaribu kwanza kama ujumbe unafika kweli, na usipofika hurudi kwenye njia ya zamani.

Kwa wanaosanifu chipu nina ombi moja: wekeni rejista kama ICS. Chipu isiyoweza kuchokozwa na programu inamwacha fundi akingoja bahati. Na wewe mwenye kompyuta ya Linux yenye kadi ya igb, jaribio hili tayari unalo. Andika ethtool -t eth0 offline ukiwa na mamlaka ya msimamizi, ukiweka jina la kadi yako badala ya eth0. Usilifanye kwenye seva saa za kazi, kwa kuwa mtandao utakatika kwa muda. Kwenye mstari wa makatizo, jibu zuri ni 0.