Nyumba ya Misheni Huanzia Kiwanjani

Tukizungumzia nyumba za wamishenari tunakimbilia paa na veranda. Mimi naanza na kiwanja. Mwaka 1891 Waskoti, wakiongozwa na Dkt. James Stewart, walifungua misheni hapa kwetu Kibwezi, karibu na maji. Malaria ikawaandama, wengine ikawazika. Ronald Ross alimkuta mdudu wa malaria ndani ya mbu mwaka 1897 tu; mwaka uliofuata misheni ikahamia Kikuyu, kwenye baridi. Leo Thogoto ina kanisa la mawe, kila mtu anapiga picha. Kibwezi tunapewa sentensi moja: homa, basi. Hiyo ni historia ya kuta zilizosimama. Ukishuka SGR Kibwezi, kumbuka: somo la wapi pa kujenga lililipiwa hapa.