Ufundi wa Kurahisisha Mitajo

Kurahisisha mtajo wa aljebra ni kuubadilisha umbo bila kugusa thamani yake. Mtajo ni namba na herufi zilizounganishwa kwa alama za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, na kila herufi imeshika nafasi ya namba ambayo bado haijatajwa. Kwa kuwa namba hiyo haijulikani, haifai kuchukua hatua iliyo sahihi kwa namba moja na potofu kwa nyingine. Kila hatua lazima iwe kweli kwa namba zote. Ruhusa ya kuichukua hutoka katika sifa chache za namba, na uzuri wa ufundi huu umo katika uchache huo.

Mwanafunzi wa Tanzania huingia katika aljebra akiwa na MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Utaratibu huo humwonyesha jinsi ya kusoma swali, kwamba 3 + 4 × 5 ni 23, si 35. Lakini akifika kwenye 7(x + 2), huamriwa aanze na mabano, na ndani ya mabano hakuna la kufanya, maana x na 2 hazijumlishiki zikawa kitu kimoja. MAGAZIJUTO ni makubaliano ya watu kuhusu usomaji. Kinachohitajika hapo ni kujua namba zenyewe zinaruhusu nini.

Kwanza, zinaruhusu kubadilishana nafasi: a + b ni sawa na b + a, na ab ni sawa na ba. Pili, zinaruhusu makundi kupangwa upya: (a + b) + c ni sawa na a + (b + c), na katika kuzidisha ni vivyo hivyo. Kwa sifa hizo mbili, 25 × 37 × 4 huwa 100 × 37, yaani 3,700, bila kalamu. Kutoa hakuna uhuru huo: 9 − 4 ni 5 lakini 4 − 9 ni −5; 20 − (8 − 3) ni 15 lakini (20 − 8) − 3 ni 9. Dawa ni kuisoma 9 − 4 kama 9 + (−4). Alama ikishaambatana na namba yake, namba huhama nayo, na −4 + 9 hubaki 5.

Sifa ya tatu, ya kutawanya, huunganisha kuzidisha na kujumlisha: a(b + c) ni sawa na ab + ac. Muuza duka anayetafuta bei ya bidhaa 12 za shilingi 950 kila moja huzidisha 12 kwa 1,000, akatoa 12 mara 50, akapata 11,400. Euclid, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, aliithibitisha sifa hii kwa mistatili katika kitabu cha pili cha *Elements*. Majina ya kitaalamu ya kubadilishana na kutawanya yalikuja baadaye sana. Mfaransa François-Joseph Servois aliyatumia mwaka 1814. Kwa sifa hii 7(x + 2) hufunguka kuwa 7x + 14, na mabano yaliyomkwamisha mwanafunzi huondoka.

Sifa hiyohiyo ikisomwa kinyumenyume hukusanya vinavyofanana. Mtajo 3x + 5y + 4x − 2y hupangwa kuwa 3x + 4x + 5y − 2y, kisha 7x + 3y. Madarasani jambo hili huelezwa kwa maembe na machungwa: maembe 3 na maembe 4 ni maembe 7, wala hayajumlishwi na machungwa. Mfano huo husaidia siku ya kwanza na kupotosha siku zinazofuata, kwa sababu x si embe. Ni namba, pengine bei ya embe moja. Aliyeng'ang'ania embe hukwama kwenye 3x × 4x, maana embe mara embe si kitu. Sababu halisi ni kwamba 3x + 4x ni (3 + 4)x: x imo pande zote mbili, hivyo hutolewa nje. Katika 3x + 5y hakuna herufi ya pamoja ya kutoa. Nayo 3x × 4x, kwa kubadilishana nafasi na kupanga makundi, ni (3 × 4)(x × x), yaani 12x². Tena x peke yake ni 1x, kwa hiyo 7x − x ni 6x, wala si 7.

Mtihani mkubwa wa anayeanza ni alama ya kutoa mbele ya mabano, kama katika 5(2x − 3) − 2(x − 4). Kutawanya huleta 10x − 15 − 2x + 8, na wengi hushangaa 8 imekuwaje chanya. Kanuni kwamba hasi mara hasi ni chanya, Brahmagupta wa India aliiandika mwaka 628, na sifa za namba hutoa sababu yake. Zidisha −2 kwa 4 + (−4), ambayo ni sifuri: jibu ni sifuri. Ukitawanya, unapata −8 pamoja na (−2)(−4). Ili jumla ibaki sifuri, (−2)(−4) haina budi kuwa 8. Mtajo wote basi ni 8x − 7.

Jibu hupimwa kwa kuweka namba. Kwa x = 3, mtajo wa awali ni 17, na 8x − 7 pia ni 17; aliyeandika −8 hupata 8x − 23, yaani 1, na kosa hujitokeza. Kipimo hiki hufichua kosa, lakini hakitoshi kuthibitisha usahihi: x² na 2x hulingana kwa 0 na kwa 2, kisha kwa 3 huwa 9 na 6. Uhakika hutoka katika hatua zenyewe. Aliyeumudu ufundi huu anaweza kutaja, kwa kila mstari, sifa iliyomruhusu kuuandika.