Hodi ya Filamu: Mwanzo katika Sinema ya Uhalisia wa Jamii ya Uingereza

Kila sanaa ina desturi yake ya kubisha hodi. Mtungaji wa utenzi wa kale huanza kwa kulitaja jina la Mungu, akaagiza wino na karatasi, kisha ndipo aingiapo katika kisa chake. Mtambaji wa hadithi husema paukwa, na wasikilizaji humjibu pakawa. Wadhanio kwamba desturi hizi ni mapambo matupu wamekosea, maana ndani yake mna mapatano: msikilizaji huambiwa ameingia nyumba gani, na ni mambo gani anayo haki ya kuyadai kwa mwenyeji wake. Filamu nayo ina hodi yake. Dakika zake mbili za kwanza humpa mtazamaji ahadi, na filamu nzima hupimwa kwa ahadi hiyo.

Makala haya yanachunguza hodi ya namna moja ya filamu, yaani zile za uhalisia wa jamii zitengenezwazo Uingereza. Sababu ya kuichagua ni kwamba imekuwa zoezi la wanafunzi. Katika miaka ya kwanza ya karne hii ya 21, wanafunzi wengi wa sekondari za juu huko Uingereza waliosomea vyombo vya habari walipewa kazi ya kutengeneza majina na mwanzo wa filamu mpya ya kubuni, usiozidi dakika 2. Uhalisia wa jamii huwavutia wenye kazi kama hiyo kwa kuwa waonekana rahisi: hauhitaji ngome, wala majoho ya kifalme, wala vyombo vya angani. Mtaa upo, mvua ipo, na rafiki wa kuigiza yupo. Lakini kionekanacho rahisi machoni huwa kizito mikononi.

Mpango wa mwanafunzi asiyeongozwa waweza kutabiriwa. Kwanza mbingu ya kijivu. Pili majumba marefu ya kupanga. Tatu kijana aliyejifunika kofia ya sweta lake, na sigara mdomoni. Nne takataka zinazopeperuka. Tano mtoto analia nyuma ya ukuta. Na juu ya yote hayo piano yenye huzuni. Mpango huo twaweza kuuita orodha ya dhiki. Kila kitu ndani yake huenda kikawa kweli, na bado jumla yake ikawa uongo, kwa sababu hapana mtu aliyeonekana. Kijana yule amewekwa pale awe alama ya umaskini kama vile takataka zilivyowekwa. Hili si kosa la ufundi peke yake, ni kosa la adabu pia: ni kumtazama binadamu pasipo kumsalimu.

Ili tujue kosa hili limeanzia wapi, yafaa tuikumbuke asili ya mtindo wenyewe. Mizizi yake imo katika filamu za kumbukumbu. Mwaka 1929 John Grierson alitoa Drifters, filamu ya wavuvi wa samaki wa baharini, na ndani yake kazi ya mikono ilipewa heshima ambayo zamani sinema ilikuwa ikiwapa matajiri na mashujaa. Mwaka 1935 Edgar Anstey na Arthur Elton walitengeneza Housing Problems, ambamo wapangaji wa nyumba mbovu za London waliieleza kamera kwa vinywa vyao wenyewe habari za panya, unyevu na kuta zinazobomoka. Fedha za filamu hiyo zilitoka kwa wafanyabiashara wa gesi, waliokuwa na faida yao katika ujenzi wa nyumba mpya. Hata hivyo sauti za wapangaji zimebaki, na faida ya wafanyabiashara imesahauliwa. Mwezi wa Februari 1956, Lindsay Anderson, Karel Reisz, Tony Richardson na Lorenza Mazzetti walionyesha filamu zao fupi katika National Film Theatre, London, chini ya jina la Free Cinema. Kutoka kundi hilo zilizaliwa filamu za kubuni za miaka iliyofuata, ambazo watu walizipachika jina la karo la jikoni. Nalo lilitokana na makala ya David Sylvester ya mwaka 1954, iliyowahusu wachoraji wa picha. Basi mtindo huu ulizaliwa na kazi na sauti za watu. Mawingu ya kijivu yaliingia baadaye.

Tuanze na Saturday Night and Sunday Morning ya mwaka 1960, iliyoongozwa na Reisz kutokana na riwaya ya Alan Sillitoe. Filamu yafunguka ndani ya kiwanda cha baiskeli cha Raleigh mjini Nottingham, ambamo Sillitoe mwenyewe alipata kufanya kazi alipokuwa kijana. Mashine zanguruma. Arthur Seaton, aliyeigizwa na Albert Finney, amesimama mbele ya kerezo lake, naye ahesabu moyoni vipande alivyokwisha kukereza. Hesabu ya vipande yageuka kuwa hesabu ya ujira, na hesabu ya ujira yageuka kuwa hukumu juu ya wenzake: nani amekubali kupondwa na nani hajakubali. Hatuambiwi kwamba Arthur ni maskini, wala kwamba ana hasira. Twaona mikono inayoijua kazi kwa ustadi, na twasikia akili inayoichukia kazi hiyohiyo. Mgongano huo ndio filamu nzima. Yote yafuatayo, yaani pombe, mapenzi na ugomvi, yamekwisha kupandwa pale kwenye kerezo. Mwanafunzi na aangalie uchumi wa mwanzo huu: mahali pamoja, mtu mmoja, kazi moja, sauti mbili.

Kes ya Ken Loach, iliyotolewa mwaka 1969 kutokana na riwaya ya Barry Hines, yabisha hodi kwa unyenyekevu zaidi. Ni alfajiri huko Barnsley. Ndugu wawili wamelala kitanda kimoja, na saa ya kuamshia inalia. Mkubwa, Jud, hana budi kuamka aende kwenye mgodi wa makaa ya mawe. Mdogo, Billy, anabaki gizani. Mtazamaji mwenye haraka atadhani hapakutokea jambo. Lakini kitanda kile chasema mengi kuliko majumba marefu mia: chasema juu ya ufinyu wa nyumba, juu ya baba asiyekuwapo, na juu ya wakati ujao, kwa kuwa Billy ni mwenye miaka 15 na shule inakaribia kumwisha, saa inayomwita Jud leo itamwita yeye kesho. Aidha chasema juu ya uadui, maana ni mkono wa Jud utakaomwua kozi wa Billy mwishoni. Haya yote yamo katika kelele ya saa na blanketi moja. Hapana muziki unaotuamuru tuhuzunike.

Wako wasemao kwamba uhalisia ni kinyume cha ushairi. Lynne Ramsay amewajibu katika Ratcatcher ya mwaka 1999, yenye kisa cha Glasgow wakati wa mgomo wa wazoa taka katika miaka ya 1970. Picha ya kwanza ni ya mtoto anayejizungusha ndani ya pazia jeupe, polepole, hata akawa kama aliyevishwa sanda, kisha kofi la mama likamrudisha duniani. Haupiti muda mrefu mtoto huyo akafa maji. Pazia ni pazia la kweli, la nyumba ya kweli, na mchezo ni mchezo wa mtoto yeyote. Maana yake ya pili yatujia baadaye, bila kulazimishwa. Ndivyo ushairi uingiavyo katika uhalisia: kwa mlango wa nyuma, ukiwa umebeba kitu cha kawaida.

Fish Tank ya Andrea Arnold, ya mwaka 2009, yaanza na pumzi. Mia, msichana wa miaka 15, ameinama ndani ya chumba kitupu chenye ukuta wa buluu, akihema baada ya kucheza dansi peke yake. Kisha ndipo atazamapo nje dirishani. Mpangilio huu una hekima kubwa. Majumba ya kupanga ya Essex yapo, tena yataonekana sana. Lakini tumekwisha kuipokea pumzi ya msichana kabla ya kuyaona, hata twayaona kwa macho yake. Umbo la picha nalo ni la mraba-mraba, jembamba kuliko desturi ya siku hizi, likimbana Mia kama jina la filamu lisemavyo. Lau Arnold angaligeuza mpangilio, akaanza na majumba kisha msichana, Mia angalikuwa mpangaji mmoja tu miongoni mwa wengi.

Katika I, Daniel Blake ya mwaka 2016, Loach alithubutu kuanza pasipo picha. Skrini ni nyeusi, majina ya watengenezaji yapita, nasi twasikia sauti mbili: seremala wa Newcastle aliyepatwa na mshtuko wa moyo, na mtu wa kumpima kama anastahili posho ya ugonjwa. Mpimaji auliza kuhusu mikono, vidole na kofia. Seremala ajibu kuhusu moyo, lakini moyo haumo katika fomu. Twacheka, kisha kicheko chatukauka. Giza lile lina maana yake: huyo aulizaye hamwoni aulizwaye, nasi tumewekwa katika upofu wake. Kwa mwanafunzi asiye na fedha hapa pana faraja na onyo pamoja. Mwanzo wenye nguvu waweza kutengenezwa kwa kinasa sauti kimoja, lakini maneno yawe yamesikilizwa kwa watu, yasitungwe kwa kukisia.

Sasa tulifikie shauri gumu zaidi. Filamu za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zina picha ipendwayo sana: mji mzima ukitazamwa kutoka kilimani, na moshi wa mabomba juu ya mapaa. Mwaka 1984 mhakiki Andrew Higson aliichunguza picha hiyo katika jarida la Screen, akauliza ni jicho la nani litazamalo. Swali lake ni la haki. Anderson na Richardson walisoma Oxford, na Reisz alisoma Cambridge. Walipanda kilima wakauona mji wa wengine kuwa mzuri kwa mbali. Je, basi, asiyezaliwa katika dhiki asiifanyie filamu? Sisi hatukubali hivyo, kwa maana sanaa ingebaki kuwa kila mtu kujitazama katika kioo chake. Tusemalo ni kwamba kilima kina wakati wake. Reisz mwenyewe alikiweka mwishoni mwa filamu yake: Arthur anakaa mlimani pamoja na mchumba wake, anazitazama nyumba mpya, anatupa jiwe. Hapo mtazamo ni wa Arthur, na jiwe ni jibu lake. Kilima kilichowekwa mwanzoni ni mali ya mwongozaji. Kilichowekwa mwishoni chaweza kuwa mali ya mhusika.

Mtu aweza kutupinga kwa This Is England ya Shane Meadows, ya mwaka 2006, ambayo yaanza na picha za habari za miaka ya 1980, pamoja na Margaret Thatcher na vita vya Falkland, juu ya muziki wa Jamaika. Hakika huo ni mwanzo wa historia kabla ya mtu. Lakini mara baada yake twamkuta mtoto Shaun kitandani asubuhi, na picha ya baba yake askari, naye baba huyo alikufa katika vita hivyohivyo. Historia imeingia chumbani. Meadows alipewa nafasi ya kuyalipa yale aliyoyakopa. Mwenye dakika 2 hana nafasi hiyo.

Kutokana na hayo, mpango wa mwanafunzi waweza kujengwa kwa maswali manne kabla ya kuichukua kamera. Nani anafanya nini? Kwa gharama gani? Ni sauti gani isikikayo mahali hapo hata kama hapana mtu? Na ni jambo gani litakalokuwa limebadilika baada ya dakika 2? Tuchukue mfano. Mvulana yuko jikoni jioni, taa zimezimika. Anatoa ufunguo wa mita ya umeme ya kulipia kabla, namna ya ile ijulikanayo Tanzania kwa jina la LUKU, anakwenda duka la pembeni, anahesabu sarafu mbele ya mwenye duka. Zimepungua, anarudisha chokoleti aliyokuwa amekwisha kuishika. Anarudi, anachomeka ufunguo, friji yaanza kunguruma, taa yawaka, nasi twamwona mama amekaa pale pale mezani, amevaa sare ya kazi ya usiku, alikuwa akimngoja gizani. Hapana aliyelia. Picha 12 zatosha. Majina ya filamu yakae juu ya giza la mwanzo na juu ya mwendo wa njiani, yasiguse uso wa mama. Chokoleti yafanya kazi ambayo piano isingaliiweza.

Kisha mwanafunzi na aupeleke mpango wake kwa mtu aijuaye mita hiyo kwa kuitumia, amsomee, anyamaze, asikilize. Mtu huyo atamsahihisha mambo ambayo kitabu hakina: jinsi ufunguo unavyokwama, kiasi gani hununuliwa siku ya Alhamisi kabla ya mshahara, nani hutumwa dukani na nani huona haya kwenda. Masahihisho hayo ndiyo uhalisia wenyewe. Wapangaji wa mwaka 1935 waliachiwa waseme mbele ya kamera. Mpango usiowapa wenye nyumba nafasi ya kusema, hata kabla ya kamera kufunguliwa, umeingia kwa watu bila kubisha hodi.