Bidhaa 10 Zilizozua Ugomvi wa Sarufi

Mwaka 2008 maduka ya Tesco nchini Uingereza yaliamua kubadilisha kibao cha kaunta ya malipo kwa wateja wenye bidhaa chache. Kibao cha zamani kilisomeka "10 items or less". Wakereketwa wa sarufi hawakukipenda: bidhaa zinahesabika, kwa hiyo ilipaswa kuandikwa "fewer". Kwa ushauri wa Plain English Campaign, kundi linalotetea Kiingereza rahisi, kibao kipya kikaja na "Up to 10 items", maneno yote mawili ya ugomvi yakiwa yamekwepwa.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. "Fewer" huenda na idadi: fewer chairs, fewer letters. "Less" huenda na kiasi: less water, less sugar. Mswahili haioni ngeni, kwani kwake watu huwa wachache na sukari huwa kidogo.

Ila kanuni hiyo si ya kale kama inavyodhaniwa. Katika karne ya 9, Mfalme Alfred wa Wessex alipomtafsiri mwanafalsafa Boethius, alitumia neno lililozaa "less" kwa maneno, nayo maneno yanahesabika. Muundo wa wakati huo ulikuwa kama kusema "uchache wa maneno". Viambishi vya umilikishi vilipopotea, ikabaki "less words". Ni mwaka 1770 ndipo mwandishi Robert Baker alipoandika kwamba, kwa idadi, yeye aliona "fewer" inafaa zaidi. Alitoa maoni, walimu wa baadaye wakayafanya sheria.

Sheria hiyo hupwaya pale namba inapopima badala ya kuhesabu. "Less than five miles" ni Kiingereza safi, ingawa "miles" ni wingi, kwa sababu maili tano hapo ni umbali mmoja. Ndivyo ilivyo kwa "less than 20 dollars" na "less than three weeks". Hata kibao cha Tesco kingeweza kutetewa hivyo: 10 ilikuwa kikomo cha kikapu.

Kwa Mswahili, kazi ipo kwenye nomino. Vifaa vyake vinahesabika, mizigo vilevile, na ndiyo maana "equipments" na "luggages" husikika sana. Kiingereza huvikusanya vitu hivyo kama unga: much equipment, less luggage. Anayetaka kuhesabu lazima atangulize neno la kugawia, na hapo "fewer" hupata nafasi yake: fewer pieces of luggage.