Ubishi wa Ndondi Barazani: Kipimo na Mapenzi

Inapotajwa sanaa ya maneno katika mwambao wetu wa kaskazini, mawazo ya wasomi wengi hukimbilia utenzi, shairi na taarabu. Haya yana haki ya kutajwa kwanza. Tanga ndiko alikozaliwa Shaaban Robert, pale Vibambani, mwaka 1909. Tanga hiyo hiyo ndiyo iliyotoa Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyoshindana kwa nyimbo katika miaka ya 1970, na kabla yao ngoma ya beni ilikwisha kuwagawa watu wa pwani katika Marini na Arinoti. Lakini iko sanaa nyingine ambayo haijapewa nafasi vitabuni, nayo husikika kila jioni penye birika la kahawa: ubishi wa wapenzi wa ndondi kabla ya pambano kubwa. Katika makala hii tunakusudia kuutazama ubishi huo kama mhakiki anavyoitazama kazi ya fasihi. Tutauliza una kanuni gani, unafaulu wapi na unaharibika wapi.

Huenda mwalimu akatuuliza, je, makelele ya barazani nayo ni uhakiki? Tunajibu kuwa ni uhakiki, tena wa aina ngumu. Mhakiki wa shairi hupima vina, mizani, urari wa mawazo na ukweli wa moyo. Mpenzi wa ndondi hupima miguu, kinga, pumzi, uzito wa konde na ushupavu wa nafsi. Wote wawili hutoa hukumu, na wote hudaiwa ushahidi. Tofauti iliyopo ni kwamba hukumu ya mhakiki wa shairi huweza kukaa miaka hamsini bila mtu kuiumbua, lakini ya mpenzi wa ndondi huumbuliwa usiku ule ule kengele inapolia.

Kanuni za ubishi huu hazikuandikwa, ila mtu aliyelelewa katika majibizano ya washairi atazitambua upesi. Mshairi anayemjibu mwenziwe hutakiwa kufuata bahari ile ile na vina vile vile. Akibadili vina huhesabiwa kuwa amekimbia. Barazani nako ni hivyo. Ukiambiwa kuwa bondia wako hushusha mkono wa kulia kila arushapo wa kushoto, jibu linalokubalika ni kuonyesha kuwa haushushi, au kwamba akiushusha hulipa kwa wepesi wa kichwa. Ukijibu kuwa bondia wa mwenzako ni mzee, wasikilizaji hugeuza nyuso, maana swali la mkono limebaki pale pale. Tumewahi kumsikia mzee mmoja wa Ngamiani akimkata kauli kijana: "Jibu kwanza deni la watu, ndipo ukopeshe." Katika vitabu vyote vya insha tulivyovisoma shuleni hatukupata fundisho fupi kuliko hilo.

Ubishi una maradhi yake. La kwanza tutaliita hoja ya mnyororo. Fulani alimpiga fulani, na fulani huyo alimpiga fulani wa tatu, basi wa kwanza lazima atampiga wa tatu. Hoja hii hupendeza sikioni kwa kuwa ina sura ya hesabu, na vijana wa sekondari waliokwisha kufundishwa hesabu huiamini mno.

Mfano wake mkubwa ni pambano la Kinshasa la tarehe 30 Oktoba 1974, baina ya Muhammad Ali na George Foreman. Sisi wakati huo tulikuwa bado wadogo mno. Tuliyapata kwa wakubwa wetu, ambao hawakuchoka kuyasimulia. Foreman alikuwa kijana wa miaka 25 asiyepata kushindwa. Alikuwa amemwangusha Joe Frazier katika raundi ya pili mwaka 1973, na Ken Norton naye katika raundi ya pili mwaka 1974. Na hao wawili ndio waliopata kumshinda Ali, Frazier mwaka 1971 na Norton mwaka 1973. Ni kweli kuwa Ali alikwisha kuwarudi wote wawili, lakini kwa pointi tu na kwa jasho jingi. Mnyororo ulikuwa umekamilika: aliyewasaga waliomshinda Ali angemsaga Ali mwenyewe. Kengele ililia saa kumi alfajiri kwa saa za Kinshasa, kwetu ikiwa ni saa kumi na mbili, jua likichomoza. Ali akaegemea kamba, akafunika uso na mbavu kwa mikono yake, akamwacha Foreman apige mpaka nguvu zimwishe, kisha katika raundi ya nane akamwangusha. Kila pete ya mnyororo ule ilikuwa kweli, na hukumu iliyotokana nayo ilikuwa uongo. Frazier alimfuata Foreman kifua wazi, Ali alimfunikia. Bondia hakutani na orodha ya waliopigwa na mwenziwe, hukutana na mwili wake na mtindo wake.

Maradhi ya pili ni mazito zaidi, nayo ni mapenzi ya kwetu. Hapa inatubidi tuyaseme yaliyotupata sisi wenyewe.

Hassan Mwakinyo ni mtoto wa Tanga. Tarehe 8 Septemba 2018, mjini Birmingham, Uingereza, akiwa ameitwa kwa muda mfupi, alimmaliza Sam Eggington katika raundi ya pili, tena mbele ya watu wa huyo Eggington, ambaye alipata kuwa bingwa wa Uingereza na wa Ulaya. Tanga haikulala. Tangu siku ile jina la mji wetu lilitajwa na watu ambao kabla yake hawakujua kama lina bandari. Mwakinyo akaendelea kushinda, Nairobi na Dar es Salaam, na tarehe 3 Septemba 2021 akamsimamisha Julius Indongo wa Namibia, bingwa wa dunia wa zamani, katika raundi ya nne. Ndipo ikatangazwa kuwa tarehe 3 Septemba 2022, mwaka mmoja kamili baadaye, atapigana na Liam Smith mjini Liverpool.

Baraza tunayoketi sisi iko katika mojawapo ya barabara za namba za Ngamiani. Mwezi mzima wa Agosti hapakuzungumzwa jingine. Na mnyororo ukaletwa, mzuri kuliko ule wa Kinshasa. Smith naye alikuwa amempiga Eggington huyo huyo, Machi 2019, lakini alihitaji raundi tano. Mwakinyo alihitaji mbili. "Mbili na tano," alisema kijana mmoja aliyekuwa akimaliza kidato cha nne, akituonyesha vidole, "hata mtoto wa chekechea anajua kutoa." Baraza ilicheka, nasi tulicheka. Akaongeza kuwa Mwakinyo ana miaka 27 na Smith ana 34. Hiyo ya umri ilikuwa hoja ya haki.

Miongoni mwetu alikuwapo fundi wa baiskeli, mtu wa makamo, mnyamavu. Yeye alisema Smith atashinda. Alisema Eggington hupigana wazi, akitoa uso wake rehani ili apate kurusha konde, na mtu wa namna hiyo ndiye chakula cha Mwakinyo, ambaye mkono wake ni mwepesi na hulenga. Smith hatoi uso. Husogea taratibu, kidevu ndani, akipiga mbavu, na alikwisha kuwa bingwa wa dunia mwaka 2015. Mwaka 2016 alikaa raundi tisa mbele ya Canelo Alvarez kule Texas, na Aprili ya mwaka ule ule wa 2022 alimsimamisha Jessie Vargas mjini New York. Kisha akatukumbusha jambo ambalo wote tulikuwa tumelizika: Novemba 2019, Dar es Salaam, Mfilipino Arnel Tinampay alimsogelea Mwakinyo bila kuchoka raundi zote kumi, na waamuzi walipompa Mwakinyo ushindi hawakuwa na kauli moja. "Yule Mfilipino alituonyesha mlango," alisema fundi. "Huyu Smith anaujua mlango huo, na ana ufunguo."

Hakuna aliyemjibu kwa vina vyake. Kijana hakusema kitu juu ya mbavu wala juu ya Tinampay. Mwingine aliuliza kwa sauti kama fundi huyu kwao ni Tanga kweli. Mwingine akasema wako watu ambao roho zao huuma wanapomwona mwenzao anapanda. Jambo la mtindo na kinga likageuzwa kuwa jambo la asili na husuda. Fundi alimaliza kahawa yake, akalipa, akaondoka. Na kwa muda wa wiki mbili alikwenda kuketi baraza nyingine.

Sisi tulikuwapo. Tulijua kuwa maneno ya fundi yalikuwa ndiyo hoja pekee iliyojengwa barabara jioni ile. Tumepata kualikwa mara nyingi kuamua mashindano ya mashairi, na vijana wale hutuheshimu kwa sababu hiyo. Neno moja letu lingetosha kumrudisha kitini. Hatukulisema. Tulitaka Mwakinyo ashinde, na ilituwia vigumu kumtetea mtu aliyesema kuwa hatashinda. Wale waliopata kujaza fomu za kupima kazi za watumishi, kama sisi, wanajua namna kalamu inavyolegea inapofikia jina la mtu wa kwao. Tulidhani ugonjwa huo ni wa ofisini tu.

Yaliyotokea Liverpool yanajulikana. Katika raundi ya nne Mwakinyo alipiga goti, na mwamuzi akalisimamisha pambano. Baadaye bondia alieleza kuwa mzigo wake wa vifaa ulipotea njiani, kwamba viatu alivyovaa havikumkaa vizuri, na kwamba kifundo cha mguu kilimuuma.

Wale waliompandisha juu kuliko wote ndio waliotangulia kumshusha. Kijana wa mbili na tano sasa alikuwa na kejeli za viatu, na nyingine, twakiri, zilitungwa kwa ustadi. Ulipowasikiliza kwa makini, uliona kuwa hawakubadilika hata kidogo. Mwezi wa Agosti walisifu bila kumtazama bondia, na mwezi wa Septemba walilaumu bila kumtazama. Sifa zile na kejeli zile zilikuwa nguo moja, imegeuzwa ndani nje.

Aliyesimama kumtetea Mwakinyo ni fundi wa baiskeli. Alirudi barazani jioni moja, wala hakukumbusha mtu kuwa alisema. Aliuliza swali moja: ni nani hapa aliyepata kusimama juu ya mguu unaouma huku anapigwa? Kisha akaeleza kuwa konde hutoka mguuni, hupita kiunoni, ndipo lifike mkononi. Kwa hiyo mtu mwenye kiatu kisichomkaa hana konde, na yule anayesogelewa ndiye anayeuhitaji mguu zaidi ya anayesogea. Hakusema kuwa viatu ndivyo vilivyompiga Mwakinyo. Alisema kuwa angeshindwa hata kwa viatu vyake mwenyewe, lakini si katika raundi ya nne. Akamtaja Titus Simba, ambaye mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alifika fainali ya uzito wa kati na kurudi na medali ya fedha. Aliyemshinda ni John Conteh, na miaka minne baadaye Conteh alikuwa bingwa wa dunia. "Tena na yeye ni wa Liverpool," alisema fundi. "Mji ule una deni letu la zamani."

Tunawaomba wasomaji wetu, hasa walimu, watazame jinsi hukumu hizi mbili za fundi zilivyotoka katika kisima kimoja. Kabla ya pambano alionekana adui wa bondia, na baada yake alionekana rafiki, naye muda wote alikuwa anatazama miguu. Darasani tumewaona wanafunzi wanaomsifu mshairi kwa kuwa ni wa kwao, na wengine wanaomkataa kwa kuwa mwalimu hampendi, na katika makundi yote mawili shairi lenyewe halikusomwa. Sisi twaona kuwa mwalimu atakayewapa vijana wake pambano moja walihakiki kwa kalamu, kwa sharti kwamba kila mmoja ajibu kwanza hoja ya mwenziwe, atakuwa amewasaidia kulisoma shairi. Tumelijaribu hilo mara moja na wanafunzi waliotutembelea. Daftari zilirudi zimejaa, na mwandiko ulikuwa mbaya ajabu, kwa haraka waliyokuwa nayo.

Januari 2023 ilikuja habari kuwa Smith amemwangusha Chris Eubank mdogo mjini Manchester, naye katika raundi ya nne. Kijana wetu alifika barazani mbio. "Ami, umesikia? Raundi ya nne! Basi Mwakinyo na Eubank ni sawasawa." Fundi alikuwa na gurudumu mapajani, akitafuta tundu la mpira. Hakucheka. Alimwuliza Eubank hujikinga vipi. Kijana akaanza kutaja waliopigwa na Eubank, akanyamaza, akafikiri, kisha akasema kuwa Eubank hurudi nyuma kwa mstari ulionyooka na kuacha kidevu juu. Fundi aliinua kichwa. Walibishana juu ya mstari ule mpaka adhana ya isha, na sisi safari hii tulisema tuliloliona, ingawa halikumpendeza yeyote kati yao. Wakati mabondia wale walipokuwa wakingojwa kurudiana, kijana alishikilia kuwa Smith atashinda tena, na akatoa sababu tatu, zote za ulingoni. Tarehe 2 Septemba 2023 Eubank alimsimamisha Smith katika raundi ya kumi. Kijana alikuwa amekosea, na kahawa ya jioni ile alilipiwa na fundi.