Haki Mbili Zinapogombana

Hadithi ya ugomvi huwa nyepesi ikiwa upande mmoja ni wa haki na wa pili ni wa dhuluma. Msomaji huketi penye haki tangu ukurasa wa kwanza, wala hatikisiki mpaka mwisho. Hadithi nzito ni ile ambayo kila upande una haki yake, na haki hizo haziwezi kukaa katika nyumba moja. Zamani tungo za namna hii zilikuwa mali ya tamthilia na riwaya. Leo zimeingia pia katika michezo ya video. Yafaa basi michezo hiyo ipimwe kwa mizani ile ile tunayopimia fasihi. Mizani tutakayotumia hapa haikutoka mbali: ni milima ya Uluguru, na mgogoro wa matuta uliofikia kilele chake mwaka 1955.

Katika mchezo uitwao Skyrim, uliotolewa mwaka 2011, nchi imegawanyika baina ya Dola na waasi wa Ulfric Stormcloak. Waasi wanadai uhuru wa kumwabudu Talos, ambaye ibada yake imepigwa marufuku kwa mkataba wa amani. Walakini katika mji wao wa Windhelm, wageni wa kabila la Dunmer husongamana katika mtaa wa dhiki na kudharauliwa. Dola nayo yalinda umoja mbele ya adui mkubwa zaidi, lakini umoja huo imeununua kwa imani ya raia. Hapana shaka mtungaji amegawa sifa na lawama kwa mkono ulio sawa. Upungufu waonekana baada ya ushindi. Vita vikiisha, watawala wa miji hubadilishwa na bendera hubadilishwa, na mambo mengine karibu yote hubaki kama yalivyokuwa. Uchaguzi ulioumiza kichwa haukuzaa kitu cha kuumiza moyo.

Fallout: New Vegas, wa mwaka 2010, umekwenda mbele zaidi. Makundi yake yanashindania Bwawa la Hoover, chemchemi ya maji na umeme. Jamhuri Mpya ya California yaja na sheria, kodi na mipango mikubwa kuliko nguvu zake. Caesar aleta usalama wa njia kwa minyororo ya utumwa. Bwana House ataka mji wenye utaratibu usioomba ridhaa ya mtu. Ugomvi wa maji una uzito ambao ugomvi wa majina hauna, kwa kuwa kila anayekunywa ameingia ndani yake. Tena mchezo huu una hesabu moja ya hekima: sifa njema na sifa mbaya za mchezaji kwa kila jamii huandikwa mbali mbali, na wema wa leo haufuti uovu wa jana.

Sasa tupande Uluguru. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko yao, na aliyekaidi aliadhibiwa. Mabwana shamba walikuwa na hoja ya kweli. Mvua kubwa juu ya mteremko mkali huchukua udongo, na udongo ukiisha kuchukuliwa haurudi. Mto Ruvu, ambao leo wategemewa na Dar es Salaam kwa maji, hupata sehemu kubwa ya maji yake katika milima hii.

Wakulima nao walikuwa na hoja ya kweli. Kuchimba ngazi mahali pengi kulifukia udongo wa juu wenye rutuba na kuleta juu udongo wa chini usiozaa. Jasho likaongezeka na mavuno yakapungua. Tena ardhi ya Uluguru ilikuwa ya koo, ikifuata upande wa mama, na wengi walilima kwa kuazima. Tuta la kudumu katika shamba la kuazima lilizua swali: litakuwa la nani kesho? Baina ya hao walisimama Sultani na wazee wake, wakiamrishwa na wakubwa walio juu na kulaumiwa na ndugu walio chini. Mwaka 1955 ghasia zilizuka, polisi walifyatua risasi, mtu mmoja akafa, na ulazima wa matuta ukaachwa.

Masimulizi ya taifa yameifanya habari hii kuwa nyepesi: mkoloni alilazimisha, mwananchi alikataa, uhuru ukaja. Hayo ni kweli, lakini si kweli yote. Mmomonyoko haukungoja bendera. Baada ya tarehe 9 Desemba 1961 udongo uliendelea kuteremka, na serikali ya wananchi wenyewe ilikuta mbele yake swali lile lile, bila mgeni wa kulaumiwa. Na upande wa Mgeta, wakulima wa mboga wamelima juu ya matuta ya ngazi kwa hiari yao, kwa sababu huko tuta huwalipa. Kumbe tuta lenyewe halikuwa dhalimu. Udhalimu ulikuwa katika amri isiyosikiliza.

Kwa mizani hii twaona kilichopungua katika michezo tuliyoitaja. Yote miwili imejengwa juu ya methali yetu: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mchezaji ni mpita njia. Katika mmoja ni mfungwa aliyeponea chupuchupu kukatwa kichwa, katika mwingine ni tarishi aliyepigwa risasi akafufuka. Hana shamba, hana ukoo, hana kaburi la mama yake katika nchi anayoiamulia. Achague atakavyo, gharama italipwa na wengine. Mluguru wa mwaka 1955 hakupewa uchaguzi wa namna hiyo. Aliyechimba alionekana msaliti na jirani yake. Aliyekataa alimwachia mwanawe mteremko mtupu. Wote wawili waliendelea kuishi mlimani, wakipita njia moja kwenda kisimani.

Vijana wa Afrika Mashariki wameanza kutunga michezo yao wenyewe. Wakitaka kuonyesha ugomvi wa haki mbili, wasitosheke kulipaka kila kundi matope kiasi kile kile, maana hiyo ni hesabu ya muuza duka. Wamfanye mchezaji awe mwenyeji: mpwa aliyerithi mteremko kwa mjomba wake, anayejua kwamba mabwana shamba wasema kweli na shangazi zake pia wasema kweli. Kisha wamwache alime msimu baada ya msimu, auone udongo wake ulipokwenda, na akutane kila siku na wale aliowakosea. Mchezo wa namna hiyo utakuwa umefika mahali ambapo masimulizi yetu ya historia hayajafika bado.