Maneno Yanayoshabihiana katika Kiingereza: Uhakiki wa Mikabala ya Fowler na Wright

Katika A Dictionary of Modern English Usage (1926), H. W. Fowler aliyatazama maneno yanayoshabihiana kama mitego. Aliyapanga mawili mawili, kisha akamwonyesha msomaji namna ya kuyakwepa. Ukali huo wa kupambanua ndio uliokipa kitabu uhai mrefu. Udhaifu wake ni kwamba mipaka anayoichora ni ya Kiingereza sanifu cha maandishi, ilhali maneno hayaishi humo peke yake.

Jozi ya "disinterested" na "uninterested" inadhihirisha faida na hasara za mkabala huo. Miongozo ya matumizi husema la kwanza humhusu asiye na maslahi binafsi katika shauri, na la pili humhusu asiyevutiwa nalo. Mfasiri akiandika kwamba mwamuzi wa mgogoro sharti awe "asiyejali", sifa ya uadilifu imegeuka tuhuma ya uzembe. Upambanuzi huo basi unastahili kulindwa. Hata hivyo, katika karne ya 17 maneno hayohayo yalitumika pia kwa maana zilizopishana: la kwanza likidokeza kutovutiwa, la pili kutopendelea. Anayesoma hati za wakati huo kwa mwongozo wa leo hupotoshwa na mwongozo wenyewe.

Wapo pia pacha wasiotofautiana kimaana. "Inflammable" na "flammable" yote humaanisha kinachoshika moto upesi. "In-" hapa si ya ukanushi, bali imerithiwa kutoka kitenzi cha Kilatini "inflammare", yaani kuwasha. Kuanzia miaka ya 1920, wataalamu wa kinga ya moto nchini Marekani walilipigania neno fupi, wakihofia msomaji ambaye angedhani pipa halina hatari. Walikuwa na haki. Wapenzi wa Kilatini hawakai karibu na mapipa.

Joseph Wright aliingia kwa mlango mwingine. Mzaliwa huyo wa Yorkshire, aliyeanza kazi kiwandani utotoni na kujifunza kusoma ujanani, alihariri The English Dialect Dictionary (juzuu sita, 1898–1905) bila kuichukulia lahaja kuwa sanifu iliyokosewa. Mtazamo wake ndio unaohitajika panapokuwa na neno kama "while", ambalo Yorkshire huweza kumaanisha "hadi": kazi ya "nine while five" huanza saa tatu na kukoma saa kumi na moja. Kadhalika "starved", kaskazini mwa Uingereza, huweza kumhusu aliyezidiwa na baridi. Asili yake katika Kiingereza cha kale ni kufa, kwa sababu yoyote. Anayeifasiri kila mara kwa njaa humpelekea uji mtu anayehitaji blanketi. Hatari zaidi kwa waandishi wa sera ni "outwith" ya Scotland, inayomaanisha "nje ya" na inayoonekana hata katika nyaraka rasmi. Mhariri akidhani ni kosa la chapa na kuandika "without", kaya zilizo nje ya mpango zitasomeka kuwa kaya zisizo na mpango.

Wright naye ana pengo: lahaja zake ni za maeneo, hazigusi Kiingereza rasmi cha dola mbili. Churchill, katika kumbukumbu zake za Vita vya Pili vya Dunia, anaeleza mabishano marefu kati ya maofisa wa Uingereza na Marekani juu ya "table". Kwa Waingereza ni kuwasilisha hoja ijadiliwe; kwa Wamarekani ni kuiweka kando. Pande zote zilitaka jambo lilelile.

Pengo hilo linaihusu Jumuiya ya Afrika Mashariki moja kwa moja. Mkataba wake wa 1999 ulikiweka Kiingereza kuwa lugha rasmi na Kiswahili kuwa lugha ya mawasiliano mapana ya kuendelezwa, kwa hiyo sera nyingi hufika kwa wananchi kupitia tafsiri. Kwa mabunge yaliyorithi desturi ya Uingereza, "kuwasilisha" ni kisawe sahihi cha "table". Kwa waraka uliotoka Washington, huenda kisawe kikawa "kuahirisha". Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili inayotoa kisawe kimoja bila alama ya mahali humwachia mfasiri kubahatisha. Kidahizo hicho kinahitaji fasili mbili, kila moja na nchi yake, na "presently" kinahitaji vivyo hivyo: London ni "punde", Edinburgh na New York mara nyingi ni "sasa".